Kutoka Mtabila Hadi Ujiji: Namna ya Kuandaa Siku ya Ziwa kwa Watoto Msimu wa Kiangazi

Kama unafundisha Mtabila, au kijiji kingine chochote cha Kasulu na Kibondo, darasani mwako wamo watoto wanaokula dagaa wa Kigoma mara kwa mara na hawajawahi kuliona Ziwa Tanganyika wanakotoka dagaa hao. Umbali si kisingizio. Kutoka Kasulu mjini mpaka Kigoma kwa barabara ya Kidahwe ni chini ya kilomita 100, na kosta nzuri inaimaliza safari hiyo asubuhi. Wa Kibondo wana njia ndefu zaidi, nao nitawagusia. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuiandaa safari: ajue waende lini, waanzie wapi, wamuulize nani, na wafanye nini nyumbani kabla ya kupanda gari, ili siku hiyo isiishie kwenye soda na picha za pamoja.

Miji mingi yenye makumbusho ya bahari hupanga ratiba maalumu kwa watoto wakati wa likizo ya kiangazi. Watoto hufunga mafundo ya kamba, hushika makasia, huongea na mabaharia wazee. Stockholm, Sweden, kuna jengo zima kwa ajili ya meli moja, Vasa, iliyozama mwaka 1628 na kuinuliwa mwaka 1961. Sisi wa Kigoma hatuna jengo la namna hiyo. Tuna makumbusho ya Dk. Livingstone pale Ujiji, tuna bandari, tuna mafundi boti wanaofanya kazi yao hadharani ufukweni, na tuna meli yetu wenyewe iliyozamishwa kisha ikainuliwa. Vyote hivyo vinaweza kufikiwa kwa siku moja, maana Ujiji na bandari ya Kigoma ni mwendo mfupi tu wa gari.

Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: makumbusho ya Ujiji yawe kituo kimoja cha siku hiyo, yasiwe siku nzima. Mtoto ukimwonesha jiwe la kumbukumbu na habari za Wazungu wawili, Livingstone na Stanley, waliokutana chini ya mwembe, kisha ukamrudisha nyumbani, atabaki na picha kwamba ziwa hili lina historia kwa sababu wageni walilifikia. Mtoto wa Kasulu anastahili kuondoka akijua kwamba maji ya kijito cha kwao yanaishia pale, na kwamba watu wa milimani walikuwa na sehemu yao katika mji ule tangu zamani.

Chagua siku kwa kalenda tatu

Kalenda ya kwanza ni ya shule. Likizo ya katikati ya mwaka huanza mapema Juni na kumalizika mapema Julai, na hicho ndicho kipindi kizuri: mvua zimekatika, barabara za vijijini zinapitika, na mazao mengi yamekwisha kuvunwa, kwa hiyo mzazi hatamhitaji mtoto shambani kila siku. Asubuhi za Juni na Julai milimani kuna baridi kali, na watoto waondoke na masweta hata kama mchana Kigoma watayafunga kiunoni.

Kalenda ya pili ni ya mwezi, na hii walimu wengi hawaiangalii. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Mwanga huwavuta dagaa juu, wavu unapandishwa kutoka chini. Mbalamwezi ikikomaa taa haina nguvu tena, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo ukitaka watoto waone samaki wakishushwa asubuhi, nenda siku za giza. Ukitaka waone boti zimepandishwa mchangani, nyavu zikishonwa, na wavuvi wenye nafasi ya kuongea na watoto, nenda siku za mbalamwezi. Mimi nachagua mbalamwezi. Samaki watoto wanawajua. Mvuvi aliyekaa chini na sindano ya nyavu mkononi hawajamwona.

Kalenda ya tatu ni ya serikali. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa hili: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Lengo ni kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Kabla hujapanga chochote, uliza ofisi ya uvuvi kama mwaka huo ziwa litafungwa, na tarehe zipi. Likifungwa, usiahirishe safari. Boti zitakuwa nchi kavu, mafundi watakuwa na kazi nyingi ya matengenezo, na utakuwa na somo la uhifadhi ambalo huhitaji kulitafutia mfano.

Kiangazi kina sababu nyingine ya kupendeza ambayo watoto wa darasa la sita wanaielewa bila taabu. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani. Unayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule mwisho wa kusini maji ya kilindini hupanda kujaza nafasi. Maji hayo yana rutuba iliyokuwa imezama. Vijimea vidogo huongezeka, vijidudu vinavila vijimea, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa. Miezi ambayo mashamba ya milimani yanakauka ndiyo miezi ziwa linapojipalilia.

Maandalizi ya nyumbani

Anza na kijito. Watoe watoto mpaka kwenye mto ulio karibu na shule, kila mmoja adondoshe jani majini na aangalie linakwenda upande gani. Kisha waulize: linaishia wapi? Mito mingi ya Kasulu na Kibondo huingia Malagarasi, ambao huanzia milima ya mpakani na Burundi, ukazunguka mbali kupitia mabwawa makubwa ya Muyovozi, kisha ukageuka magharibi na kumwaga ziwani. Mabwawa hayo, Malagarasi na Muyovozi, ndiyo yaliyokuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Mito mingine ya upande wa magharibi hushuka moja kwa moja, kama Luiche unaoingia ziwani kusini ya Ujiji. Chora ramani ubaoni na mtoto aweke kidole shuleni kwake, afuate maji mpaka mwisho. Akifika Ujiji atakuwa na kitu cha kutafuta.

Jani hilo utalihitaji tena, maana swali la mto unakwenda upande gani ndilo lililowatoa Livingstone na Stanley Ujiji mwaka 1871. Wataalamu wa jiografia wa Ulaya walikuwa wakibishana kuhusu chanzo cha Mto Nile, na baadhi yao walidhani Mto Rusizi, kaskazini mwa ziwa, unatoka ziwani kwenda Nile. Wawili hao wakaazima mtumbwi Ujiji, wakapigiwa makasia na watu waliolijua ziwa, wakaenda mpaka mdomoni mwa Rusizi wakaangalia. Mto unaingia. Hoja ikafa pale. Watoto wakisikia habari hiyo baada ya kudondosha majani yao, huhitaji kueleza zaidi.

Zoezi la pili ni la uzi, na ningefuta mengine yote kabla ya kulifuta hili. Kata uzi wa sentimita 147. Kila sentimita moja ni mita 10 za maji, maana ziwa linafikia kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal ya Urusi. Utundike uzi ukutani. Sasa chukua utepe mwekundu, uufunge kwenye sentimita ya 10 kutoka juu, na mwingine kwenye sentimita ya 20. Hewa ya oksijeni iliyomo majini huishia hapo katikati, kaskazini mapema zaidi, kusini chini kidogo. Samaki wote wa ziwa, kuanzia dagaa mpaka kuhe, wanaishi juu ya tepe hizo mbili. Uzi wote uliobaki ukining'inia mpaka karibu na sakafu ni giza lisilo na samaki. Waache wauangalie wenyewe. Halafu waambie kwamba uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya bahari, wapige hesabu: sakafu ya ziwa iko chini ya usawa wa bahari kwa karibu mita 700. Mwalimu wa hisabati atapata wiki nzima hapo.

La tatu ni la soko. Ujiji ya karne ya 19 ilikuwa kituo cha mwisho cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na soko lake lilitegemea watu wa milimani na wa mabondeni. Nafaka na mbuzi vilishuka kutoka Buha. Chumvi ilitoka Uvinza, ambako watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi kwa sababu mvua huzifurikisha chemchemi. Fedha ya sokoni ilikuwa shanga, na zilizojulikana sana pale ziliitwa sofi. Gawa darasa: kundi moja lina chumvi, jingine mahindi, jingine samaki, jingine mbuzi wa kuchora kwenye karatasi, na kila kundi lina punje za shanga au maharage. Waache wauziane nusu saa. Baadaye Ujiji, mtoto atauona mji ule kama mahali ambapo bibi yake wa zamani angeweza kuwa ameketi na pakacha lake.

Na la nne lifanywe kwa uangalifu. Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi mpaka ilipofungwa Desemba 2012. Nyarugusu na Nduta bado ni majina ya kila siku Kasulu na Kibondo. Wapo watu wazima wengi huku waliolivuka ziwa kwa boti usiku, kutoka Uvira, Baraka na Fizi mwaka 1996, au waliofika kutoka Burundi miaka mingine. Mzee anayetaka kuja shuleni kusimulia, mkaribishe kwa heshima. Lakini usimsimamishe mtoto yeyote mbele ya wenzake asimulie jinsi familia yake ilivyokimbia, wala usimtaje kwa jina. Akitaka mwenyewe atakufuata pembeni, na hapo utamsikiliza.

Barua, gari, chakula

Hapa sitakaa sana kwa sababu shule yako ina utaratibu wake. Barua ya ridhaa ya mzazi, kibali cha ofisi ya elimu, gari lililokaguliwa na dereva aliyelala usingizi wa kutosha. Gari la kukodi liwe na kibali cha safari maalumu. Piga simu makumbusho wiki moja kabla, uliza kiingilio cha wanafunzi na uwaambie idadi yao. Omba mambo mawili: mwongoza wageni awe tayari kugawa watoto makundi mawili, na mruhusiwe kukaa chini ya miembe kwa kazi ya kuchora. Ukiyaomba mapema utayapata. Ukiyaomba mlangoni na watoto 60 nyuma yako, utapata maelezo ya haraka na kuonyeshwa njia ya kutokea.

Wa Kasulu waondoke alfajiri na kurudi kabla ya giza. Wa Kibondo wasijaribu kwenda na kurudi siku moja na watoto wadogo. Walale Kigoma katika shule itakayowapokea. Faida ya kulala ni usiku: kama ni siku za giza na ziwa halijafungwa, wapeleke watoto mahali pa juu panapoonesha ziwa, wazihesabu taa za wavuvi.

Asubuhi Ujiji

Anzia Ujiji kabla jua halijawa kali. Kabla ya mwongoza wageni kuanza, waketishe watoto chini ya miembe dakika chache na uwaulize swali moja: maji yako wapi? Watashangaa, kwa sababu wamekuja ziwani na hapa hawalioni ziwa. Siku za Livingstone ufuko ulikuwa karibu na pale. Mwaka 1878 maji yalikuwa yamepanda kuliko wakati mwingine wowote unaojulikana wa karne ile, yakabomoa kizuizi cha tope na magugu kwenye Mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndio mlango pekee wa maji kutoka ziwani. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10. Kwenye ufuko mpana kama wa Ujiji, mita 10 za kushuka ni mamia ya mita za nchi kavu. Mkimaliza kwenye makumbusho, tembeeni mpaka majini, na kila mtoto ahesabu hatua zake. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena, limeingia kwenye nyumba za watu Bujumbura na kusumbua bandari. Mtoto aliyehesabu hatua atakuwa na kipimo chake mwenyewe cha kulinganisha akirudi siku nyingine.

Miembe yenyewe waiangalie vizuri. Ule mwembe wa mwaka 1871 ulikwisha kufa. Iliyopo ni vizazi vyake, iliyopandikizwa kutokana nao. Miembe ni alama ya njia ya misafara yote kuanzia Bagamoyo, na watoto wanaweza kuulizwa ni nani aliyekula maembe njiani akatupa kokwa.

Ndani, mwongoza wageni ataeleza habari ya Livingstone na Stanley. Mwache aeleze, ni habari nzuri na ni ya kweli. Kazi yako ni kuhakikisha watu wengine wawili wanatajwa kwa majina: Abdullah Susi na James Chuma. Susi ndiye aliyekimbia kumlaki Stanley alipoingia Ujiji. Livingstone alipofariki Mei 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walitembea miezi mingi, katika nchi ambazo maiti ya mgeni ilikuwa mzigo wa hatari. Vitabu vya shule hutaja jina la aliyebebwa. Waliobeba wana majina pia, na mtoto ayaandike kwenye daftari lake kwa herufi kubwa.

Usikwepe biashara ya watumwa. Mitumbwi ya Ujiji ilivusha watu kutoka Manyema wakiwa wamefungwa, wakapelekwa pwani kwa miguu. Sema hivyo kwa maneno mepesi na bila kupamba. Kumbuka pia kwamba Ujiji ni mji ulio hai, na wakazi wake wengi asili yao ni ng'ambo ya ziwa. Watoto wako wasimnyooshee mtu kidole mitaani wala kumuuliza babu yake alifikaje.

Ufukweni, kwa fundi boti

Baada ya chakula cha mchana nendeni Kibirizi au Katonga, mahali boti zinapopandishwa. Tafuta fundi kabla ya siku ya safari, mwombe ridhaa, na mlipe kwa muda wake kama unavyomlipa mgeni mwingine yeyote anayekuja kufundisha. Mwambie asitoe hotuba. Afanye kazi yake, na watoto waangalie.

Wajue majina ya sehemu: mkuku ni uti wa chini, mataruma ni mbavu, mbao za ubavuni hupigiliwa juu yake moja baada ya nyingine. Kisha waangalie kalafati. Fundi huchukua pamba iliyolowekwa mafuta, huisokota kwa vidole, huiweka kwenye ufa kati ya mbao mbili, na kuigonga ndani kwa chuma bapa na nyundo, gonga, sogea, gonga, mpaka ufa umejaa sawasawa. Ikiwa kidogo, maji yatapita. Ikiwa nyingi mno, mbao zitaachana. Fundi mzoefu husikia kwa mlio wa nyundo. Mtoto mmoja mmoja aruhusiwe kusokota pamba na kuigonga sentimita chache chini ya mkono wa fundi. Muulizeni pia kwa nini boti mpya huachwa kwanza ikae majini na kuvuja kabla ya kuanza kazi: mbao kavu zikinywa maji huvimba na kubanana zenyewe. Rudini shuleni mlijaribu kwa vipande viwili vya mbao na ndoo.

Mkiona kipe, simameni. Ni boti mbili zilizounganishwa kwa miti mirefu na wavu kushushwa katikati yake, na chombo hicho kinaeleza uvuvi wa dagaa kuliko maneno yoyote: taa juu, wavu chini, kamba za kupandisha pande zote kwa pamoja. Waambie watoto wakichore kutoka upande mmoja tu, wachague wenyewe upande upi. Wanafunzi wakubwa waulize kwa nini mafundi wa ziwani wanatumia misumari wakati mtepe wa zamani wa pwani ya bahari ulishonwa kwa kamba za nazi.

Sehemu ya kuanikia dagaa ipiteni taratibu. Angalieni walioanikwa mchangani na walioanikwa juu ya chanja za wavu. Kila mtoto wa milimani anaijua punje ya mchanga inayosaga jino kwenye mboga. Hapa ataona inatoka wapi na namna ya kuiepuka. Wanawake wanaoanika wana kazi ya haraka kwa sababu dagaa hawasubiri, hivyo ombeni ruhusa kwanza, waulizeni maswali mawili matatu na mwondoke. Mkinunua kilo mbili za shule, hayo ndiyo malipo ya somo.

Meli ya makreti 5,000

Meli ya Liemba ni habari ambayo ningetembea kilomita mia kuisimulia. Kabla ya safari, pimeni mita 71 kwenye uwanja wa mpira wa shule na kuweka mawe kila upande. Huo ndio urefu wake. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika makreti 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli ya kati, iliyofika ziwani mwaka 1914. Ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita ikiwa imepamba moto. Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi walizipaka injini grisi nzito kwanza, wakitumaini siku moja itainuliwa. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari tena ikiwa na jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia na kuliandika mwaka 1867 alipofika mwisho wa kusini wa ziwa.

Sehemu ya karibuni ya historia hiyo ndiyo inayogusa Kasulu. Mwaka 1997 meli hii iliwarejesha wakimbizi Wakongo kwao baada ya Mobutu kuanguka. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani ambacho wakati huo hakikufikika kwa gari. Liemba ndiyo iliyowachukua mpaka Kigoma, wakapokelewa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapandishwa mabasi kwenda Nyarugusu. Wamo watu wa Kasulu waliofika hapo kwa meli iliyosafiri ndani ya makreti. Meli ilikaa nje ya safari kwa miaka, ikihitaji ukarabati mkubwa, kwa hiyo uliza ofisi ya bandari kama mtaruhusiwa kuiona na kwa karibu kiasi gani. Bandari ni eneo la ulinzi. Usipige picha bila ruhusa. Mkikataliwa, simameni kwenye stesheni ya reli ya Kigoma, jengo la Wajerumani linalotazama bandari, na uwaeleze watoto kwamba makreti yalishushiwa pale chini.

Maji na usalama wake

Watoto wa milimani hawajazoea maji mengi, na wengi hawajui kuogelea. Weka sheria mapema: hakuna anayeingia majini zaidi ya kifundo cha mguu, na ni pale tu mwalimu aliposimama. Epukeni sehemu za maji yaliyotuama yenye majani, ndiko kwenye konokono wa kichocho, na midomo ya mito, ndiko kwenye mamba. Kama mmepanga kupanda boti, iwe asubuhi, kwa sababu mchana wa kiangazi upepo hupanda na ziwa huchafuka ghafla. Boti iwe na leseni, na kila mtoto avae jaketi okozi linalomkaa, limefungwa kamba zote kabla ya kukanyaga ubao. Majaketi yakipungua hata moja, hakuna anayepanda. Mwenye boti atakwambia ni mwendo mfupi; mshukuru na ubaki ufukweni.

Mkishafika shuleni

Siku ya kwanza darasani msiandike insha. Wape ukuta mmoja na siku tatu. Uzi wa kina ubaki pale, michoro ya kipe ipangwe kwa pembe walizochagua, hesabu za hatua kutoka mwembe hadi majini ziandikwe kwenye jedwali, na wastani upigwe. Waalike wazazi jioni moja, watoto ndio wawatembeze. Yule mzee aliyevuka ziwa mwaka 1996 akija, mpe kiti cha mbele, na kama anataka kusahihisha mchoro wa boti, msaidie kupata penseli.

Mwisho, andika ukurasa mmoja: simu ya makumbusho, jina la fundi boti na alicholipwa, dereva mliyempenda, saa mliyoondoka na saa mliyofika, ni tarehe zipi za mwezi mlizokwenda, na ni kituo gani mlikikosa kwa kukosa muda. Mpe mwalimu wa darasa linalofuata ukurasa huo kabla ya Machi, ili awe na nafasi ya kupiga simu na kukusanya michango kidogo kidogo kabla ya Juni.